Kinga ya maziwa ya mama haiingii kwenye kopo

Kwa miezi kadhaa sasa simu za wakazi wa Nairobi zimekuwa zikipokezana ujumbe kwamba wanasayansi wamegundua protini katika maziwa ya mama inayoua virusi. Mara nyingine protini hiyo inatajwa kwa jina, laktoferini. Mara nyingine inaitwa tu siri ya maziwa ya mama. Nyuma ya ujumbe huo hufuata mambo mawili. Kwanza ni matangazo: tembe na unga wa kuuzwa mtandaoni, na makopo ya maziwa ya watoto yenye maandishi makubwa kwamba yameongezewa laktoferini. Pili ni ushauri wa ploti: mtoto mwenye mafua adondoshewe maziwa ya mama puani, mwenye macho mekundu atiwe machoni, na mtu mzima anayejisikia dhaifu aombe kikombe kwa jirani anayenyonyesha. Utafiti unaotajwa katika ujumbe huo upo, na mwingi ni wa kuaminika. Lakini maana yake inasomwa vibaya. Protini hizi hufanya kazi zikiwa pamoja, kila mtoto anaponyonya, zikitoka kwa mama anayeishi palepale anapoishi mtoto. Ukichukua moja ukaikausha na kuifungia kwenye kopo, sehemu kubwa ya kinachoipa nguvu unakiacha nyuma. Kwa hiyo habari hii ikisomwa sawasawa inatutaka tumpe mama wa Nairobi muda wa kunyonyesha, jambo ambalo hakuna kemisti anayeliuza.

Tuanze na laktoferini yenyewe. Ilionekana kwanza katika maziwa ya ng'ombe mwaka 1939, na mwaka 1960 ikatengwa kutoka katika maziwa ya binadamu. Hushika madini ya chuma, na kwa muda mrefu wataalamu waliitazama kwa jicho hilo tu: bakteria wengi wanahitaji chuma ili wazaane, na protini hii inawanyima. Kazi yake dhidi ya virusi ilieleweka baadaye, na ni ya aina nyingine. Virusi vingi, kabla ya kupenya ndani ya seli, hujishikiza kwanza kwenye minyororo ya sukari iliyotanda juu ya seli hiyo, inayoitwa heparani salfeti. Laktoferini nayo hujishikiza palepale. Kirusi kikija ni kama abiria aliyepanda matatu akakuta viti vyote vimekaliwa. Hapati pa kukaa, anashuka. Katika maabara jambo hili limeonekana kwa virusi vya hepesi, sitomegalo, rota, homa ya ini aina ya C na hata VVU. Protini hiyohiyo pia huvishika baadhi ya virusi vyenyewe kabla havijafika kwenye seli. Na haipatikani kwa kiasi kidogo: dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ya siku za kwanza, huwa na gramu tano au zaidi kwa lita, na maziwa ya baadaye gramu moja hadi tatu. Maziwa ya ng'ombe yana chini ya sehemu ya kumi ya kiasi hicho.

Laktoferini imepata umaarufu kwa sababu ni nyingi na ni rahisi kuitoa kwenye maziwa ya ng'ombe viwandani. Wenzake hawatajwi sana, na kwangu ndio wanaosisimua zaidi. Kuna laktadherini, inayokaa kwenye utando unaozunguka matone ya mafuta ya maziwa. Mwaka 1998 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofuatilia watoto 200 jijini Mexico, na ikaonekana kwamba miongoni mwa watoto walioambukizwa virusi vya rota, wale waliokuwa wakinyonya maziwa yenye laktadherini nyingi ndio walioambukizwa bila kuugua. Tafakari jambo hilo kidogo. Kirusi kilifika, mwili wa mtoto ukakutana nacho na kujifunza, lakini hakuhara wala hakuishiwa maji. Kisha kuna tenasini-C, protini iliyokuwa ikijulikana kwa kazi yake katika kupona kwa vidonda. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani walionyesha kwamba ile iliyomo katika maziwa ya mama hushika ganda la VVU na kukizuia kuambukiza seli. Wala si protini peke yake, kwa sababu maziwa yana sukari za pekee ambazo virusi hujishikiza kwazo vikidhani ni seli, na yana seli hai za kinga za mama mwenyewe.

Lakini anayebeba uzito mkubwa kuliko wote ni kingamwili aina ya IgA, na hapa ndipo hoja yangu inaposimama. Mama anapokula na kunywa, matumbo yake hukutana na vijidudu vya mahali anapoishi. Seli za kinga zinazovitambua vijidudu hivyo huondoka kwenye utumbo, husafiri kwa njia ya damu, huenda kutulia kwenye matiti, na hapo hutengeneza kingamwili zinazoingia kwenye maziwa. Kingamwili hizo zimefunikwa kwa kipande cha protini kinachozikinga zisimeng'enywe, kwa hiyo hufika kwenye utumbo wa mtoto zikiwa nzima na kuvinasa vijidudu kabla havijagusa ukuta wa utumbo. Mama wa Mukuru kwa Njenga anayetumia maji ya mtungi ya kwenye kioski cha mtaani hutoa maziwa yenye kingamwili za vijidudu vya maji hayo. Mtaa ukipata ugonjwa mpya wa kuhara, matumbo yake yanajua, na baada ya muda maziwa yake nayo yanajua. Ng'ombe aliyekamuliwa ng'ambo ili apatikane unga wa kopo hajawahi kukutana na Mukuru.

Wauzaji nao wana hoja, na wanastahili kusikilizwa. Nilisimama siku moja kwenye kemisti moja mashariki mwa jiji nikisubiri dawa, mbele yangu akiwa nyanya aliyemletea mjukuu wake maziwa ya kopo kwa sababu mama mtoto amerudi kazini. Kijana wa kaunta alimwonyesha kopo lenye laktoferini. "Hii iko na ile protini ya maziwa ya mama, shosho. Ni kama bado ananyonya." Nyanya akaligeuza kopo, akatazama bei, akaligeuza tena. "Na linaisha siku ngapi, kijana wangu?" Akajibiwa siku tano, sita hivi. "Na nikizidisha maji kidogo?" Yule kijana alimwambia asifanye hivyo, na alisema kwa upole, lakini sote kwenye foleni ile tulijua swali lile limetoka wapi. Sina ugomvi na kijana huyo. Alichokisema ndicho kinachosemwa kwenye kopo, na kina chembe ya ukweli ndani yake: nchini Japani maziwa ya watoto yameongezewa laktoferini tangu 1986, na mwaka 2009 utafiti wa Italia uliohusisha watoto njiti 472 ulionyesha kwamba waliopewa laktoferini ya ng'ombe walipata maambukizi ya damu kwa asilimia 5.9, ilhali wasiopewa walipata kwa asilimia 17.3. Ukisimama hapo, ungeamini kwamba jambo limekwisha.

Halikwisha. Uingereza ilifanya jaribio kubwa zaidi, lililochapishwa mwaka 2019, kwa watoto njiti 2,203. Asilimia 29 ya waliopewa laktoferini ya ng'ombe walipata maambukizi, na asilimia 31 ya wasiopewa. Yaani hakuna tofauti ya maana. Mwaka uliofuata, jaribio la Australia na New Zealand kwa watoto 1,542 nalo halikuonyesha kwamba laktoferini ilipunguza vifo wala magonjwa makubwa. Ni haki niseme majaribio hayo hayakupima kila kitu. Yalihusu watoto waliozaliwa kabla ya wakati, na maambukizi yaliyofuatiliwa zaidi ni ya bakteria na fangasi, wala si virusi. Tena wengi wa watoto hao walikuwa tayari wanapata maziwa ya mama, kwa hiyo kuwaongezea protini moja huenda kulikuwa kuongeza maji mtoni. Lakini hilo la mwisho haliwasaidii wauzaji. Kama nyongeza haionekani kuwa na faida kwa mtoto anayepata maziwa ya mama, na kwa asiyeyapata inakuja peke yake bila IgA, bila laktadherini, bila seli hai, basi dai kwamba kopo "ni kama ananyonya" halina msingi popote. Tukumbuke pia kwamba laktoferini ya ng'ombe na ya binadamu zinafanana kwa takriban asilimia 70 tu ya mpangilio wake, na kwamba protini hizi ni tete; joto la kiwandani linaweza kuzibadilisha.

Kuhusu tembe za watu wazima hesabu ni fupi. Mtoto wa kilo sita anayenyonya mililita 750 kwa siku, kwenye maziwa yenye gramu mbili za laktoferini kwa lita, hupata gramu moja na nusu. Mtu mzima wa kilo 60 akitaka kiwango hichohicho kwa uzito wake anahitaji gramu 15 kila siku. Tembe za miligramu 250 itabidi azimeze 60. Hata akizimeza, tumbo la mtu mzima lina asidi kali na vimeng'enya vingi kuliko tumbo la mtoto mchanga. Protini inayopita salama kwa mtoto, kiasi cha kuonekana kwenye kinyesi chake ikiwa nzima, kwa mtu mzima nyingi humeng'enywa kama nyama au maharagwe. Kuhusu kudondosha maziwa machoni na puani nitasema tu kwamba jicho la mtoto linalotoa usaha ni la kupelekwa kliniki siku hiyohiyo, kwani baadhi ya maambukizi ya watoto wachanga huharibu macho kwa siku chache.

Nairobi ina sababu ya pekee ya kulielewa jambo hili kuliko miji mingi, kwa sababu hapahapa ndipo lilipofanywa mojawapo ya majaribio mazito zaidi kuhusu virusi na maziwa ya mama. Kati ya 1992 na 1998, kundi la watafiti akiwemo Profesa Ruth Nduati wa Chuo Kikuu cha Nairobi liliandikisha akina mama 425 wenye VVU, wakati ambapo dawa za kupunguza makali hazikuwa zimefika kwa mwananchi wa kawaida. Nusu walipangiwa kunyonyesha, nusu kutumia maziwa ya kopo, na wote walikuwa na uwezo wa kupata maji safi ya mfereji wa jiji. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Kufikia miezi 24, asilimia 36.7 ya watoto wa kundi la kunyonya walikuwa wameambukizwa, na asilimia 20.5 ya wale wa kopo. Asiyetaka kuuona ukweli huu asizungumzie maziwa ya mama: maziwa yaliambukiza. Protini zote nilizozitaja zilikuwemo, na bado takriban watoto 16 katika kila 100 waliambukizwa kwa njia hiyo. Anayesambaza ujumbe kwamba maziwa ya mama huua VVU, hivyo mama anaweza kuacha dawa, anasambaza jambo ambalo watoto wa mji huu walilipa kwa maisha yao.

Lakini takwimu zilezile zina upande wa pili. Ukiwaondoa watoto walioambukizwa tumboni au wakati wa kuzaliwa, wanne kati ya watano wa waliobaki walinyonya kwa miezi mingi, mamia ya lita za maziwa kutoka kwa mama mwenye virusi asiyetumia dawa, na hawakuambukizwa. Hiyo ndiyo hali iliyowatuma wanasayansi kutafuta ndani ya maziwa, wakafika kwenye tenasini-C na wenzake. Jambo jingine katika jaribio la Nairobi halisemwi sana: idadi ya watoto waliofariki katika makundi yote mawili haikutofautiana kwa maana, asilimia 24.4 kwa walionyonya na 20.0 kwa wa kopo. Kopo liliwakinga baadhi na VVU, lakini halikuwakinga na mengine, hata kwenye nyumba zenye maji ya mfereji. Kisha mwaka 1999 kule Durban, Afrika Kusini, ikaonekana kwamba kufikia miezi mitatu, waliokuwa wamepewa maziwa ya mama pamoja na vitu vingine waliambukizwa kwa asilimia 24.1, na walionyonya maziwa ya mama pekee kwa asilimia 14.6. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba uji, maji na maziwa mengine huukwaruza utumbo mchanga na kuupa uvimbe, virusi vikapata mlango. Kama ni hivyo, kinga ya maziwa haitegemei tu kilichomo ndani yake. Inategemea pia kile ambacho mtoto hajapewa.

Kuna wanaosema kwamba somo la miaka hiyo ni kopo kwa kila mwenye VVU, na kwa kuwa protini sasa imeongezwa, mjadala umefungwa. Hii ndiyo hoja dhaifu kuliko zote katika mjadala huu, na imeshajaribiwa kwa gharama kubwa. Botswana, nchi yenye mapato makubwa kuliko yetu kwa kila mwananchi na mpango mzuri wa serikali, iliwapa akina mama wenye VVU maziwa ya kopo bila malipo. Mwanzoni mwa 2006 mvua kubwa zikanyesha, maji yakachafuka, na watoto wakafurika hospitalini kwa kuhara. Wengi wa waliolazwa na waliofariki walikuwa hawanyonyi. Jibu lilipatikana kwingine. Utafiti ulioitwa Kesho Bora, uliofanyika Burkina Faso, Afrika Kusini na hapa Kenya, ukiwemo mji wa Mombasa, ulionyesha kwamba mama akitumia mchanganyiko wa dawa tatu wakati wa ujauzito na wa kunyonyesha, maambukizi kwa watoto kufikia mwaka mmoja hushuka kutoka asilimia 9.5 hadi 5.4, na tangu hapo, dawa zikianza mapema na kutumiwa kila siku, hatari imeshuka zaidi. Ndiyo maana leo mama mwenye VVU anayetumia dawa zake huambiwa na kliniki anyonyeshe, maziwa pekee kwa miezi sita. Dawa huvipunguza virusi ndani ya maziwa, na maziwa yanaendelea na kazi yake dhidi ya kuhara na nimonia. Kimoja hakikuchukua nafasi ya kingine.

Nilisikia pia hoja kwamba kwa kuwa maziwa yana kingamwili za virusi vya rota, chanjo haina haja, au hata kwamba maziwa yanaiharibu chanjo kwa hiyo mama asinyonyeshe siku ya kliniki. Sehemu ya pili ilikuwa swali halali la kisayansi. Maabara zilionyesha kwamba maziwa ya akina mama wa nchi zenye rota nyingi hupunguza nguvu ya virusi vya chanjo. Wakajaribu kuwazuia watoto kunyonya kabla na baada ya chanjo, huko India, Pakistani na Afrika Kusini. Haikusaidia. Kenya ilianza kutoa chanjo ya rota Julai 2014, na mtoto anaweza kunyonya akiwa mapajani hapohapo kliniki, kabla na baada ya matone.

Mahali ambapo maziwa ya mama yanaweza kweli kuitwa matibabu ni wodi ya watoto njiti. Mwaka 2019 hospitali ya kujifungulia ya Pumwani ilifungua benki ya maziwa ya mama, ya kwanza nchini. Mama mwenye maziwa ya ziada hupimwa, hukamua, maziwa yakapashwa joto la nyuzi 62.5 kwa dakika 30, kisha hupewa mtoto ambaye mama yake ni mgonjwa, amefariki au maziwa yake hayajashuka. Joto hilo huua VVU na sitomegalo, na bei yake ni kupoteza sehemu kubwa ya laktoferini, sehemu ya IgA na seli zote hai. Hata yakiwa yamepungukiwa hivyo, maziwa hayo ni bora kuliko kopo kwa mtoto njiti, kwa kuwa kopo huongeza takriban maradufu hatari ya ule ugonjwa wa kuoza utumbo unaowaua watoto hao. Nikimsikia mtu akisema protini iliyokaushwa ng'ambo ni sawa na kunyonya, nafikiria maziwa ya Pumwani: nusu saa ya joto la wastani, mikononi mwa wataalamu waangalifu, inatosha kuyapunguza nguvu.

Sasa tufike kwenye muda. Watafiti wa APHRC, kituo cha utafiti wa afya na idadi ya watu hapa Nairobi, walipofuatilia watoto wa Korogocho na Viwandani, matokeo waliyochapisha mwaka 2011 yalionyesha kwamba ni asilimia mbili tu walionyonya maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Kitaifa hali imekuwa bora sana kutoka asilimia 13 ya mwaka 2003; ilifika 61 mwaka 2014. Lakini utafiti wa 2022 ulileta 60. Miaka minane, hatujasogea. Sidhani sababu ni ujinga. Wahudumu wa afya ya jamii wameshapita nyumba kwa nyumba, na ukimuuliza mama yeyote wa Mukuru kuhusu miezi sita atakujibu kabla hujamaliza swali. Shida inaanza saa kumi na moja alfajiri, anapoamka kwenda kusimama kwenye lango la kiwanda cha Industrial Area akisubiri kuchaguliwa kwa kibarua cha siku, au kwenda kugonga milango ya Pangani na Eastleigh akitafuta nguo za kufua. Mtoto wa miezi miwili anaachwa kwa mama wa jirani anayelea wengine kumi katika chumba kimoja cha mabati, na chupa yake ya uji mwepesi inakaa dirishani tangu asubuhi. Hapo ndipo maziwa ya mama pekee yanapokatika, na kwa mujibu wa yote niliyoeleza hapo juu, hapo ndipo kinga inapokatika mara mbili: kingamwili zinapungua siku nzima, na utumbo unapata vitu vinavyoukwaruza.

Wapo watakaosema hoja kama hii huishia kumlaumu mama, na wana haki ya kuwa na wasiwasi. Nimeona mabango ya kliniki yanayomwonyesha mama anayenyonyesha akitabasamu, kana kwamba mwingine amekataa tu kutabasamu. Kuna mama ambaye maziwa hayakutosha licha ya msaada wote, kuna aliyefariki akijifungua, kuna anayetumia dawa zisizoruhusu. Watoto hao wanahitaji kopo, kopo zuri, lililochanganywa kwa kipimo chake na maji yaliyochemshwa, na hakuna mtu anayestahili kuwasema walezi wao vibaya. Kopo lina kazi yake. Ninachopinga ni kopo kuuzwa kwa jina la utafiti ambao ukweli wake unaelekea upande mwingine. Sheria yetu ya mwaka 2012 inakataza kuyapigia debe maziwa mbadala kwa umma, na tangazo la simu ni tangazo sawa na lile la bango la Thika Road. Hatujaisimamia mtandaoni, na kila siku isiyosimamiwa kuna nyanya anayeshawishika kununua kopo ambalo hataweza kulirudia wiki ijayo.

Sheria nyingine tunazo pia. Sheria ya Ajira ya 2007 inatoa likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye malipo. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri awe na chumba cha kunyonyeshea au kukamulia, na ampe mama muda wa hadi saa moja kwa kila saa nane za kazi mbali na mapumziko ya kula. Benki na ofisi kubwa za Upper Hill zimeanza kutii, na zinafaa kushukuriwa. Lakini mama aliyeandikwa kwa siku hana likizo, na chumba kikiwepo kiwandani hakihesabiwi kuwa chake. Miezi mitatu ya anayebahatika nayo ni nusu ya miezi sita tunayomwagiza. Kama tunaamini kwamba maziwa ya mama hupunguza kuhara kwa karibu nusu na maambukizi ya kifua kwa theluthi, kama ulivyoonyesha uchambuzi mkubwa wa Lancet wa 2016, basi saa za mama huyu ni huduma ya afya na zinapaswa kugharimiwa kama tunavyogharimia chanjo: vituo vya kulelea watoto vilivyo karibu na malango ya viwanda, vyenye friji, maji safi na walezi waliofunzwa kumpa mtoto maziwa yaliyokamuliwa kwa kikombe, ili mama aweze kufika mchana akanyonyesha na kurudi. Kaunti ya Nairobi hutoza viwanda hivyo leseni kila mwaka. Kabla ya kutia muhuri, ina uwezo wa kuuliza chumba cha kunyonyesha kiko wapi, na kama vibarua wa langoni wanaruhusiwa kuingia.